Leya ya mitaro inakaa mita 300 kaskazini ya mitaro yenyewe (QGIS, bonde la Msimbazi)

Mama_Hananasif:
Wakuu, habari za leo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maafa ya mtaa huku Hananasif, Dar es Salaam, bondeni kabisa Msimbazi. Masika ikikaribia huwa tunatoa ile karatasi yetu iliyochorwa kwa kalamu. Safari hii tumekubaliana tuwe na ramani ya maana: nyumba, mitaro, njia za kutokea, mpaka wa kata. Nimeweka QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani kwenye kompyuta, nimeongeza picha ya satelaiti chini, inaonekana vizuri.

Shida ni leya, yaani tabaka la data la kuweka juu ya ramani, tuliyopewa. Mtu aliyewahi kufanya mradi huku alitutumia mitaro kwa WhatsApp: faili la .shp, la .shx na la .dbf. Nikiifungua inatokea, na umbo ni lenyewe. Kona ya mtaro wetu mkubwa naijua hata gizani, na ipo. Ila yote imepanda juu. Nimepima kwa rula ya humo humo: karibu mita 300 kaskazini, na kama mita 100 magharibi. Mtaro unapita juu ya mapaa ya watu! Kijana mmoja ananiambia niishike yote niivute mpaka ikae sawa. Mimi sitaki. Hii ramani watu wataifuata usiku maji yakiwa mlangoni, siwezi kuikadiria kwa macho.

Swali la pili: leya za nyumba na mpaka wa kata zinapatikana wapi bila kununua?

fundi_ramani:
Dada, umefanya vizuri sana kukataa kuivuta, na vipimo vyako vimeshatoa jibu. Mita 300 kaskazini na 100 magharibi, kwa Dar es Salaam, ni Arc 1960 inayosomwa kama WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kodineti, yaani namba za kutaja mahali. Ramani za zamani za upimaji Tanzania, zile za 1:50,000, zimejengwa juu ya Arc 1960. GPS ya simu na picha za satelaiti zinatumia WGS 84. Kodineti zile zile, ukizisoma kwa mfumo usio wake, zinaangukia mahali pengine.

Kwa nini QGIS haikujua? Kwa sababu hukupewa faili la nne, .prj. Ni dogo, mistari michache tu ya maandishi, lakini ndilo linalosema kodineti hizi ni za mfumo gani. Tazama jina la leya kwenye paneli ya kushoto, bila shaka lina alama ya kuuliza pembeni.

Bofya leya kwa kitufe cha kulia, nenda Layer CRS (CRS ndiyo huo mfumo wa kodineti), halafu Set Layer CRS, andika 21037. Hiyo ni namba ya Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini; UTM ni ule mpango wa kuigawa dunia kwa kanda. QGIS ikikuletea orodha ya njia za kubadilisha kwenda WGS 84, chagua inayotaja Tanzania, kwa sababu ipo na ya Kenya. Mitaro itashuka yenyewe. Ikishakaa, Export, Save Features As, chagua GeoPackage, faili moja linalobeba leya nzima, na mfumo 32737, ambao ni WGS 84 kwa kanda hiyo hiyo. Nawasihi wote wanaosoma hapa: Set Layer CRS haihamishi kitu, inatamka tu kilivyo. Kinachobadilisha kodineti zenyewe ni ule u-Export. Nimeona watu wakitumia cha kwanza kana kwamba ni cha pili, wanapeleka kazi mbele ikiwa imeharibika.

Na msikariri 37 kwa nchi nzima. Kanda hiyo inaanzia nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo Dodoma na Mwanza ziko kanda ya 36.

bando_la_wiki:
Kuhusu nyumba: una bahati ya mahali ulipo. Mradi wa Ramani Huria ulianza 2015 hapo Dar, wanafunzi wa vyuo pamoja na wenyeji walipita kata zinazofurika wakichora nyumba na mitaro, na kazi yote iko OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na wachangiaji wa kujitolea, bure. Ndani ya QGIS weka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya QuickOSM, andika building upate nyumba za eneo unaloliona kwenye skrini, halafu waterway=drain upate mitaro. Fungua jedwali la sifa usome kila mstari: mtaro mmoja utakuta umejazwa upana, mwingine hauna kitu.

Usichanganye hiyo na ile ramani ya OpenStreetMap inayoongezwa kupitia XYZ Tiles. Ile ni picha. Inapendeza chini ya kazi, lakini huwezi kuiuliza nyumba ngapi ziko ndani ya mita 30 kutoka mtaroni. Na bando likiisha inaweza kukuachia karatasi nyeupe. Kushusha vigae vyao, yaani vipande vya picha hiyo, kwa mkupuo mkubwa wamekataza, basi shusha data yenyewe uihifadhi kwenye GeoPackage, siku ya mvua utaifungua bila mtandao. Ukichapisha, andika pembeni kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap. Leseni yao inadai hivyo, na ni haki ya waliotembea kwenye lile tope.

mtendaji_mstaafu:
Mipaka ya kata ipo kwenye HDX, tovuti ya data za misaada ya Umoja wa Mataifa, tafuta Tanzania. Ila kabla hujaiweka itazame wilaya zake. Ukikuta Dar ina Kinondoni, Ilala na Temeke peke yake, hakuna Ubungo wala Kigamboni, ujue hiyo ni ya enzi ya sensa ya 2012. Mstari wa kata nao usiuamini mpaka umekaa na wenyeviti wa mitaa. Mimi nimeshuhudia nyumba zikikosa msaada kwa kuwa ramani iliziweka upande wa pili.

Mama_Hananasif:
Mungu awabariki. Alama ya kuuliza ilikuwepo kweli. Nimeweka 21037, mitaro imeshuka, ile kona imelala juu ya kona yake kwenye picha. Nyumba nazo zimeingia. Nimeona jambo: kalavati lililo chini ya njia yetu, lile linaloziba takataka kila masika, halipo kwenye leya zote mbili. Mtaro unakatika hapo kama hauendelei. Nichore kwenye faili langu tu?

fundi_ramani:
Chora OpenStreetMap kwenyewe, dada, ili wa mtaa wa chini yako naye alipate. Fungua akaunti, ukate ule mstari wa mtaro pale njia inapovuka, kipande cha chini ya njia kipe tunnel=culvert na layer=-1. Nenda kwanza na futi upime upana wa mdomo wake, uandike. Usinakili kutoka leya ya WhatsApp mpaka mwenye nayo akuruhusu kwa maandishi. Cha kwako, ulichokipima mwenyewe, hakihitaji ruhusa ya mtu. Ukimaliza, endesha tena QuickOSM, kalavati litaingia pamoja na mitaro mingine.