Tume ya makazi inawezaje kuwahimiza wakazi watunze nyumba zao pasipo kuwaogofya?

MjumbeMpya:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimeteuliwa hivi karibuni kuingia katika tume ya makazi ya mtaa wetu, na kazi niliyokabidhiwa ni uhamasishaji wa matengenezo na usalama wa nyumba. Tulichokirithi kwa waliotutangulia ni makabati yaliyojaa vipeperushi. Methali ya ufa na ukuta imechapwa kwenye kila kimoja, na nyufa zipo palepale. Tumeitisha mikutano mitatu, lakini waliohudhuria ni walewale ambao nyumba zao tayari zinatunzwa. Wakaguzi wetu wakipita, milango hufungwa: wapangaji wanahofia kufukuzwa, wenye nyumba wanahofia faini, na wazee wanaoishi peke yao wanahofia kuambiwa kwamba nyumba zao hazifai tena kukaliwa.

Wajumbe wenzangu wawili wanataka faini ziongezwe. Mimi sijashawishika, ila sina hoja ya kuwajibu. Kwa mwenye uzoefu wa kazi hii: tuanzie wapi, na fedha kidogo tulizonazo tuzielekeze kwenye nini?

MkaguziMstaafu:

Ndugu Mjumbe, hongera kwa uteuzi, na pole pia. Nilikagua nyumba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa ninalolijutia zaidi ni kuingia majumbani mwa watu nikiwa nimebeba kitabu cha faini na karatasi ya ushauri katika mkoba mmoja. Hakuna anayesikiliza ushauri wa mtu anayeweza kumtoza faini dakika tano baadaye. Atakachofanya ni kusogeza kabati lifunike ufa. Tenganisheni ziara hizo mbili. Anayekwenda kushauri asiwe na mamlaka ya kuadhibu, na atakachokiona kisiingie katika jalada la makosa, isipokuwa kama ni hatari inayoweza kuua usiku huohuo, kama vile gesi inayovuja, nyaya zilizo uchi au dari inayoning'inia. Mwenyeji aelezwe sharti hilo mlangoni, kabla hajamkaribisha mtu ndani.

Kisha ziara isiishie kwenye maneno. Mshauri aje na ngazi fupi, bisibisi na vitambua moshi kadhaa, afunge kimoja papo hapo, na amwache mwenyeji abonyeze kwa mkono wake kitufe cha majaribio ambacho atapaswa kukibonyeza kila mwezi. Kama kipo cha zamani, akigeuze na kusoma tarehe ya kutengenezwa iliyo mgongoni, kwa maana kifaa hicho huzeeka hata kama betri ni mpya, na kikitimiza miaka 10 hubadilishwa chote. Mara nyingi utakikuta kimetolewa betri, na ni haraka mno kulaumu uzembe. Kilifungwa karibu na jiko, kikawa kinapiga kelele kila kikaango kinapotoa moshi, na mwenye nyumba akachoka. Kumwamuru arudishe betri hakumsaidii. Kihamishieni kwenye ujia wa vyumba vya kulala, naye hatakuwa na sababu ya kukinyamazisha.

Hao wajumbe wawili wasimulie habari ya New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 idara ya afya ya mji huo ilikabiliwa na tatizo la watoto wadogo kuanguka kutoka madirisha ya ghorofani. Ilianza kwa kuwaelimisha wazazi na kugawa vizuizi vya madirisha bila malipo kwa familia zenye watoto wadogo, na vifo vikapungua. Kanuni ya kuwalazimu wenye majengo ya ghorofa kufunga vizuizi hivyo katika nyumba wanamoishi watoto wa umri wa miaka 10 au chini ilikuja baadaye, mwaka 1976. Sheria ilikuja, tena yenye makali, lakini ilikuja baada ya watu kuzoea kukiona kizuizi kwenye madirisha ya majirani.

FundiUmeme:

Nakubaliana na mzee wetu kwa sehemu kubwa, ila kwenye suala la umeme naomba niwe mkali kidogo. Vipeperushi vingi nilivyoviona husema "hakikisha mfumo wako wa umeme uko salama." Mtu asiye fundi atahakikishaje? Mwambieni jambo analoweza kuliona, kulinusa au kuligusa: soketi iliyogeuka rangi kuwa kahawia, swichi yenye joto, harufu ya plastiki inayoungua, taa zinazofifia kila jokofu linapowaka, waya wa kuongezea uliochomekwa kwenye waya mwingine wa kuongezea. Hayo yanatosha ukurasa mmoja, na akiona hata moja aite fundi mwenye leseni.

Lipo jambo ambalo hata watu waliosoma sana hawalijui, na tume ikilifundisha peke yake kwa mwaka mzima itakuwa imefanya kazi. Wengi wanaamini kwamba fyuzi humlinda mtu. Fyuzi, pamoja na swichi za kawaida za kujikata, huulinda waya usipate joto la kuwasha moto. Mkondo unaotosha kumuua binadamu ni mdogo mno kiasi kwamba havishtuki. Kinachomlinda mtu ni kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi, na kukata mara moja kikigundua kwamba kiasi fulani kimepotelea njiani, pengine kupitia mwilini mwa mtu. Vile vya majumbani kwa kawaida hukata kabla upotevu haujavuka miliampea 30. Nacho kina kitufe cha majaribio, na katika nyumba nyingi ninazoingia kitufe hicho hakijawahi kuguswa tangu kifaa kilipofungwa.

Neno la mwisho, na mafundi wenzangu wanisamehe: tume isipendekeze fundi mmoja. Itoe orodha ya wote wenye leseni, la sivyo kila kasoro itakayotajwa na mshauri wenu itaonekana kuwa biashara ya shemeji yake.

MpangajiWaMudaMrefu:

Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba kila anayeishi ndani ya nyumba ndiye mwenye uamuzi juu yake. Chumba cha mwanangu kilishika ukungu. Mwenye nyumba alisema kosa ni letu kwa kutofungua madirisha, akapaka rangi juu ya ukungu, nao ukarudi kabla ya miezi mitatu kwisha. Nikaripoti katika ofisi iliyohusika. Wiki hiyohiyo alikuwa amekwisha kulijua jina langu, na mwezi uliofuata nikapewa notisi ya kuhama.

Kwa hiyo, kabla ya vitambua moshi na mikoba ya vifaa, tume ijiulize kama inaweza kutunza siri ya mlalamikaji, na kama inaweza kumwandikia mwenye nyumba muda maalumu wa kurekebisha, wenye tarehe. Pasipo mambo hayo mawili, mpangaji mwenye akili atanyamaza.

Kuhusu ubishi wa madirisha, baadaye fundi mmoja alinifundisha jaribio ambalo ningelijua mapema lingeniepusha na maneno mengi. Bandika kipande cha plastiki ukutani, ziba kingo zake zote kwa utepe wa gundi, kiache kwa siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, huo ni mvuke wa pumzi, mapishi na nguo zinazoanikwa ndani, na dawa yake ni kupitisha hewa. Yakitokea nyuma ya plastiki, ukuta wenyewe umelowa, ama kwa mfereji wa paa uliotoboka, ama bomba linalovuja, ama maji yanayopanda kutoka ardhini, na hapo hata ukiyafungua madirisha usiku na mchana ukungu utarudi. Mshauri wa tume akilifanya jaribio hilo mbele ya pande zote mbili, nusu ya ugomvi itakwisha.

MjumbeMpya:

Nawashukuru nyote, na hasa ndugu Mpangaji, kwa kuwa suala la siri halikuwa hata katika ajenda yetu. Nitaliweka la kwanza. Nitawaeleza wenzangu pia kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya unataka nyumba ziwe na vifaa vya usalama, vikiwemo vitambua moshi, vitambua kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) na vizuizi vya ngazi na madirisha; pengine neno la shirika hilo litakuwa na uzito kuliko langu. Faini sitaziondoa. Zitabaki kwa mwenye nyumba aliyekwisha kupewa tarehe mara mbili na akapuuza.

Limebaki swali moja. Wapo wazee wanaomiliki nyumba na hawana fedha za kuzitengeneza. Tume ifanye nini nao, ikizingatiwa kwamba mmoja wa wajumbe anashikilia kuwa vya bure huharibu watu?

MkaguziMstaafu:

Huyo mjumbe mwulizeni hivi: mzee aliyevunjika nyonga huuguzwa kwa fedha za nani?

Kazi kubwa, kama vile paa, wekeni mkopo usio na riba unaodaiwa nyumba itakapouzwa au kurithiwa, ili mzee asilipe chochote akiwa hai na warithi wajue deni mapema. Paa na mifereji yake vitangulie kila kitu, kwa sababu maji yakiingia huharibu dari, nyaya na kuta kwa mpigo mmoja, na kukarabati ukuta chini ya paa linalovuja ni kutupa fedha. Kazi ndogo zifanyeni bure wala msione haya: mhimili wa kushikilia kwenye ngazi, taa yenye nguvu pale anapopita usiku, mkeka usioteleza bafuni. Mkikuta tangi la maji moto, msikimbilie kuteremsha joto lake, kwa kuwa maji ya vuguvugu yanayokaa tangini huweza kukuza legionela, bakteria wanaoleta homa kali ya mapafu. Liacheni kwenye nyuzi 60 za Selsiasi, kisha fundi bomba afunge vali ya kuchanganya maji moto na baridi ili yanayofika bombani yasizidi nyuzi 49 hivi. Maji ya nyuzi 60 humbabua mzee au mtoto kwa sekunde chache.

Rudini baada ya miezi sita kwenye kila nyumba mliyoitembelea. Katika taarifa yenu kwa tume msiandike idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa. Bonyezeni vitufe vya vitambua moshi, na mwandike ni vingapi vililia.