Marekani imetufungia mlango. Mmarekani mwenyewe akija, tumpokeeje?

Mleta mada

Wadau, salaam. Nafanya kazi ya kupokea wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kuwapeleka hotelini Moshi na Arusha, na tangu mwaka uanze swali hili linazuka karibu kila safari ndani ya gari. Naomba tulijadili bila matusi.

Hali ni hii. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Mtanzania wa kawaida hapewi viza mpya ya kwenda Marekani kutembea, kufanya biashara wala kusoma. Amri ilisainiwa na Rais Trump tarehe 16 Desemba 2025, ikatuweka kundi moja la zuio la nusu na Nigeria, Zambia, Malawi, Zimbabwe na wengine. Wenzetu wa Burundi walishaingizwa tangu Juni 2025. Na hata kabla ya amri hiyo, Oktoba 2025, tulikuwa tumewekewa dhamana: ukiomba viza ya matembezi unaweza kuambiwa weka kwanza dola 5,000, 10,000 au 15,000, utarudishiwa ukirudi kwenu kwa wakati.

Mmarekani anayetaka kupanda Kilimanjaro anajaza fomu mtandaoni, analipa dola 100 na anakuja. Hadi naandika hapa, upande wetu haujabadilika.

Sasa huyu anayeshuka kwenye ndege na begi lake na fimbo zake za kupandia, abebeshwe lawama za serikali yake?

Msimamo wangu nautoa mapema ili msinizungushe: kama kuna jibu la kutolewa, litolewe kaunta ya uhamiaji, tena kwa maandishi. Lisitolewe na dereva, mhudumu wa hoteli wala mwenye duka la vinyago. Brazil walifanya hivyo. Marekani ilipoanza kuchukua wageni alama za vidole, Januari 2004 Wabrazili nao wakaanza kuwachukua Wamarekani alama na picha wakiingia, kwa amri ya jaji. Rubani mmoja wa American Airlines akapigwa picha pale São Paulo huku kanyanyua kidole cha kati. Akakamatwa, akalipa faini ya karibu dola 13,000, safari ikaendelea. Hakuna aliyemtukana mtalii ufukweni kwa ajili hiyo. Kaunta ilifanya kazi yake.

Halafu wenyewe wamebadilika, nyie mnaofanya kazi hii mtanisaidia. Zamani ukimuuliza Mmarekani katoka wapi anakutajia jimbo, anadhani Colorado kila mtu anaijua. Siku hizi anataja jimbo na kuomba radhi papo hapo. "Tumetoka Oregon, samahani sana." Hata chupa ya maji sijamkabidhi! Msimu uliopita nilimpokea baba mmoja, begi lake limeshonwa bendera ya Kanada kubwa kama kiganja. Njia nzima anatusimulia Kanada. Tulipofika geti la Machame, pale kwenye kitabu cha kujiandikisha, safu ya uraia ikamkwamisha. Akaangalia huku na huku, akaandika USA kwa herufi ndogo sana, akatoa pasi ya Marekani, ile yenye nembo ya ndege tai. Msajili hata hakumtazama, alikuwa anamuuliza aliyefuata kazi yake.

Haya, karibuni.

Mgumu wa Machame

Mkuu umeongea vizuri ila umeongea kama mtu mwenye kiyoyozi. Sisi wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, mzigo wa mgeni ni kilo 20, wa Mmarekani kilo 20, wa Mdenmark kilo 20. Trump hajaongeza wala kupunguza.

Siasa huwa inaishia getini. Ukifika kambi ya Barranco mtu anaumwa kichwa, hali chakula, anataka kujua kesho ukuta ule wa mwamba atauvukaje. Hana nguvu ya kuzungumzia viza. Siku ya mwisho tunaimba, tipu inagawiwa, kila mtu kwao. Na hapa niseme ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia: Mmarekani anatoa tipu. Kuna mataifa mpishi akisikia ndio wanakuja anauliza kama kuna kundi jingine.

Kwa hiyo mnaposema kaunta ijibu, naomba anayejibu ajue anajibu kwa mgongo wa nani. Mkimwekea dhamana hatakuja kupigana na nyie mahakamani. Atakwenda Kenya kuangalia simba wale wale.

Wakili Asiyevaa Tai

Naunga mkono hoja ya mleta mada, tena naiongezea mfano wa karibu zaidi kuliko Brazil.

Mali waliwekewa dhamana ile ile tuliyowekewa sisi, Oktoba ile ile. Hawakulalamika. Walitangaza kwamba Mmarekani anayekwenda Mali naye aweke dhamana hiyo hiyo. Hazikupita wiki nyingi, Marekani ikaiondoa Mali kwenye orodha. Sisi tulikaa kimya, tukabaki. Chad nao Juni 2025, walipozuiwa, rais wao alitangaza kusitisha viza kwa Wamarekani, akasema Chad haina ndege wala mabilioni ya kumpa mtu ila ina heshima yake.

Serikali inayojibu inaheshimiwa. Hiyo haina uhusiano na kumchukia mgeni.

Mgumu wa Machame

Chad ina mlima gani?

Wakili Asiyevaa Tai

Heshima haipimwi kwa mlima, mkuu.

Mgumu wa Machame

Ada ya shule ya mtoto wangu inapimwa kwa mlima.

Mdau wa Nairobi

Ngoja niwakatize kidogo. Wakili umeisimulia Mali ukaishia katikati. Ni kweli Oktoba waliondolewa kwenye dhamana. Lakini Desemba, kwenye amri ile ile iliyowagusa nyinyi Watanzania, Mali ilifungiwa kabisa, si nusu kama nyinyi. Mwisho wa mwezi huo Mali na Burkina Faso nao wakawafungia Wamarekani. Sasa hapo nani kamfundisha nani adabu? Mimi siendi upande wowote, ninasema tu hadithi ni ndefu kuliko ulivyoikata.

Jambo langu ni jingine. Nyinyi mnazungumzia chuki ya maneno. Sisi Nairobi tuliona ile nyingine. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka ubalozi wa Marekani hapa na jingine Dar es Salaam dakika chache baadaye. Hapa walikufa watu 213. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni Wakenya: makarani, wanafunzi wa jengo la jirani, watu waliokuwa kwenye basi. Dar walikufa 11, wote si Wamarekani. Aliyekuja kumtafuta Mmarekani alitukuta sisi. Kwa hiyo mtu akianza kuniambia kwamba raia na serikali yake ni kitu kimoja, mimi najua sentensi hiyo inaishia wapi, hata kama yeye mwenyewe anafikiria tu bei ya viza.

Tena mwenye mkono mrefu katika mapokezi haya si mwenyeji. Serikali yao ikitoa onyo la usafiri kuhusu Pwani ya Kenya, hoteli za Diani zinatafuta wageni kwa tochi, hata kama Mombasa nzima imetoka barabarani na maua. Tunajadili tumpokeeje mtu ambaye kuja kwake kunaamuliwa Washington.

Bi Mkubwa wa Shangani

Assalaam alaykum. Mie nakodisha vyumba hapa Mji Mkongwe, kwa hiyo nao nawajua.

Hapa kwetu hasira ipo, tusidanganyane, na haikuanza na viza. Tangu Oktoba 2023 ya Gaza inasemwa barazani, inasemwa msikitini, inasemwa sokoni Darajani, na silaha zinatoka wapi kila mtu anajua. Alinijia binti mmoja wa Chicago, siku ya pili tu anaumwa tumbo, mpangaji wangu wa chini akampikia uji wa pilipili manga. Huyo mpangaji ndiye anayesema maneno makali kuliko wote kila jioni kuhusu Marekani. Nikamuuliza, vipi tena? Akanambia, kwani huyu ndiye aliyerusha?

Vijana hamjui kwamba haya tulishayapitia. Mapinduzi ya 1964 Wamarekani walitolewa hapa kwa meli yao ya kivita. Walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani pale Tunguu, watu wakikipinga tangu kinajengwa wakidhani ni cha makombora, nacho kikafungwa. Januari 1965 balozi wao mdogo hapa, Frank Carlucci, akafukuzwa nchini kwa tuhuma za njama pamoja na mwenzake wa Dar. Huyo Carlucci baadaye alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Reagan. Basi ndivyo serikali inavyojibu serikali: inamtafuta mwenye cheo. Hapo namuunga mkono mleta mada.

Ila msimgeuze kila Mmarekani malaika kwa sababu anaomba radhi. Anayepita Forodhani kifua wazi mchana wa Ramadhani simsemi kwa Trump, namsema kwa kifua chake. Mtaliano akifanya hivyo namsema vile vile.

Mswahili wa Columbus

Nimesoma nikafika hapa nikaona niseme: huyo Mmarekani mnayemjadili ni mimi. Nimezaliwa Tanga, nina pasi ya tai. Tanzania haina uraia pacha, kwa hiyo nikija kumzika mzazi nalipa dola 100 kama yule wa Oregon, halafu nasimama foleni ya wageni nikisikiliza maofisa wanataniana kwa lugha niliyonyonya nayo.

Wakili, ukishaweka dhamana yako ya dola 10,000 kwa Wamarekani, unadhani itamuumiza nani? Anayepanda Kilimanjaro kwa safari ya siku nane ameshalipa maelfu ya dola. Ataguna, atalipa au atabadili safari. Mimi nitakosa msiba.

Kuhusu kupokelewa: kiangazi cha 2025 niliendesha gari hadi Toronto, namba za Ohio. Ilikuwa kipindi ambacho Wakanada wamekasirika kweli kweli, ushuru wa Trump, na ile kauli yake ya kuwafanya jimbo la 51 la Marekani. Wimbo wa taifa la Marekani ulikuwa umezomewa kwenye hoki Montreal mwezi wa pili. Maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yalikuwa yameondoa vileo vyote vya Marekani rafuni. Binamu yangu akaniambia paki nyuma ya nyumba. Nikapaki mbele. Jirani akaja, akaitazama namba ya gari, akanitazama, nikafungua mdomo. Aliposikia lafudhi yangu uso ukalegea: "Aa, wewe si wale." Nikacheka naye, lakini lilinikaa. Mmarekani mweupe anaulizwa alimpigia kura nani. Mimi nasamehewa kabla ya kuulizwa, kwa sababu haaminiki kuwa mimi ni Mmarekani. Aliyenibana na maswali safari nzima ni afisa wa mpakani wakati wa kurudi nyumbani Ohio.

Mleta mada

Kaka, hoja yako ya dhamana imenigonga. Lakini hilo lina dawa: aliyezaliwa Tanzania asamehewe, kanuni inaweza kuandikwa hivyo. Halisababishi tuache kujibu kabisa.

Mswahili wa Columbus

Na mke wangu aliyezaliwa Ohio? Na watoto? Nao wataitwa Wamarekani wa Trump getini kwa bibi yao. Kanuni za namna hiyo zikianza kuandikwa, familia kama zetu ndizo zinazokatwa katikati. Ndicho kinachotokea upande wa huku sasa hivi, ninaona kila siku kwa jamaa zangu wa Burundi.

Wakili Asiyevaa Tai

Kwa hiyo tusijibu? Mwanafunzi wetu aliyepata ufadhili akakosa viza, yeye familia yake haikukatwa? Mbona huruma yote inaelekea kwa mwenye pasi ya tai?

Na ile dola 100 mnayoitaja kama zawadi, kumbukeni wageni wengi wa mataifa mengine wanalipa 50. Yaani kanuni ya kumpimia Mmarekani kwa kipimo chake tunayo tayari miaka mingi, na hawakuacha kuja. Ninachosema ni kwamba kipimo chao kimepanda, chetu kimelala.

Mdau wa Nairobi

Hapo Wakili una hoja, nakubali.

Mgumu wa Machame

Mimi swali langu bado halijajibiwa na mtu yeyote. Mgeni akiniuliza tukiwa kambini, "nyinyi mnatuchukia?", nijibu nini? Kwa sababu wanauliza. Tena wanauliza usiku, kambi ya Barafu, saa tano tunawaamsha kwenda kileleni, ndiyo mtu anakumbuka siasa.

Mswahili wa Columbus

Mwambie hapana. Halafu mwambie kule kwao ana mbunge mmoja na maseneta wawili, na ofisi zao zinapokea simu na barua za wapiga kura na kuzihesabu. Mimi napiga. Ile "samahani" ya kwenye gari la mleta mada haimsaidii mwanafunzi wa Wakili hata kidogo. Barua ya mtu aliyetoka kupanda Kilimanjaro, akieleza kwamba kijana aliyembebea begi haruhusiwi hata kwenda kumtembelea, hiyo inaweza kusomwa.

Mleta mada

Hilo nimelichukua. Nitaliweka kwenye maelezo ya kuwaaga uwanja wa ndege.

Mgumu wa Machame

Wakati wa kuwaaga sawa. Wakipanda msiwaambie kitu, pumzi yenyewe hawana.