Kikundi: WATOTO WA MAMA ESTA 🙏🐄

Mwaka 17:52
Mbukwenyi. Tumesharudi. Mama kaingia kwenye mashine ya kusafisha damu saa moja asubuhi, katoka saa tano. Wamemtoa maji kilo 3 na nusu. Presha ikashuka mwishoni, tukajilaza kwenye benchi mpaka saa saba. Sasa hivi kasinzia.

Sechelela 17:55
Poleni jamani. Kilo 3 na nusu? Jumatatu si zilikuwa 2?

Mwaka 17:56
Muulize shangazi jana alikuja na nini.

Shangazi Peresi 18:01
Nilileta ubuyu na kidumu cha togwa. Mtu atoke Mvumi aje mikono mitupu kwa mgonjwa?

Nehemia 18:03
Shikamoo bibi. Togwa nayo ni maji, yanahesabika. Ubuyu ndiyo mbaya zaidi, una potasiamu nyingi. Figo nzima inaitoa kwenye mkojo, ya bibi Esta haitoi, inabaki kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Bora hata ungemletea khanga

Shangazi Peresi 18:06
Marahaba mjukuu wangu. Potasiamu. Sisi tumekua kwa ubuyu.

Mwaka 18:07
Hakuna aliyekugombeza shangazi. Nimeuficha juu ya kabati. Kauona.

Baba Mdogo Daudi 18:15
Habari za jioni wanangu. Hapa Kibaigwa nimeelekezwa kwa mzee ana mizizi ya figo, chupa elfu 40, watu wanapona. La pili. Sechelela alishamwandikisha mama kwenye bima yake. Sasa michango ya kila mwezi ni ya nini? Nauliza tu kama mlezi.

Yona 18:17
Shikamoo baba mdogo. Mizizi hapana. Daktari kamkataza hata diklofenaki aliyokuwa anameza kwa ajili ya magoti, sembuse chupa isiyo na jina.

Sechelela 18:19
Shikamoo baba mdogo. Bima inalipa mashine, kweli. Nilimwandika mama alipofariki baba, hata hajaanza kuumwa, na nilifanya vile kujaza fomu tu. Angebaki na ile CHF, bima ya afya ya jamii iliyokuwa elfu 30 kwa kaya, tungeshauza mpaka mabati ya nyumba. Mara 3 kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka. Nani ana hiyo hela humu?

Baba Mdogo Daudi 18:20
Ndiyo nasema. Kama inalipa, inalipa.

Mwaka 18:34
Shikamoo baba mdogo. Nimekaa chini niandike vizuri.
Nkuhungu mpaka hospitali bajaji ni 8,000, na kurudi 8,000. Daladala alishaijaribu mara moja, akadondokea mapajani kwa mwanafunzi. Kwa wiki ni 48,000. Sindano za kuongeza damu safari nyingine zipo, safari nyingine tunaambiwa tukanunue nje. Na chakula, maana akitoka pale ana njaa kama mtoto wa shule. Michango yenu inaishia hapo, na risiti ninazo kwenye mfuko wa rambo, njoo uzione.
Ambacho sijawahi kukiandika ni genge langu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nimefunga. Nyanya hazijui kama mama anaumwa. Wiki iliyopita nimemwaga tenga zima, na mteja wangu wa mgahawa kahamia kwa jirani, simlaumu. Huu ni mwezi wa saba mfululizo.

Yona 18:51
Dada pole sana. Kesho nakutumia laki moja

Mwaka 18:53
Yona mdogo wangu, hela unatuma, Mungu anaona. Nataka mtu. Wa kuamka saa kumi na moja badala yangu, hata Jumatatu moja.

Yona 19:04
Kazini likizo wamenibania mpaka Desemba

Anjelina 19:06
Shikamoo wifi. Mimi nakuja. Ijumaa napanda treni ya umeme, jioni niko kwenu. Watoto watabaki na baba yao. Wiki mbili, tukaone.

Yona 19:06
🙄

Mwaka 19:12
Marahaba wifi yangu. Ngoja nikupe masharti kabla hujaghairi.
Mkono wake wa kushoto ndiyo wenye njia ya mashine. Wanaiita fistula, shangazi usishtuke, siyo ile ya uzazi. Mkono huo asipimwe presha, asitolewe damu, asibebee mkoba, asiulalie. Kila asubuhi kabla ya salamu weka vidole pale kwenye uvimbe. Utasikia unatetemeka kama simu iliyoondolewa sauti. Siku ukigusa ukakuta kimya, usinipigie mimi kuuliza, ita bajaji.
Maji ni kikombe kile cha bluu, basi. Mlenda achemshiwe, maji ya kwanza yamwagwe, na magadi usitie, yana sodiamu kama chumvi. Atanuna. Mwache anune.

Anjelina 19:15
Nimeandika kwenye daftari

Baba Mdogo Daudi 19:22
Haya. Nitaleta debe mbili za uwele Jumamosi. Na huyo mwenye mizizi nitamwambia shemeji hayupo.

Sechelela 19:23
Ahsante baba mdogo 😂

Shangazi Peresi 19:25
Khanga anapenda za rangi gani?

Nehemia 19:38
🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Sechelela 19:39
Sisikii, niko kwenye basi. Kasema nini?

Nehemia 19:40
Ni bibi huyo, ameamka. Anauliza nani anataka kuuza mabati yake

Mwaka 19:41
Nehemia si nilikwambia usimsomee kikundi