Mrejesho: albamu tatu mlizonitajia nimezisikiliza

Wakuu, mwezi uliopita niliomba mnitajie albamu za zamani za muziki wa nje za kuanzia, mimi niliyekulia kwenye taarabu na bongofleva tu. Nimerudi na mrejesho.

Kind of Blue ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis (1959) mara ya kwanza ilinipita. Mara ya tatu, usiku, taa nimezima, nikaisikia besi kwenye wimbo wa kwanza inauliza, na vyombo vingine vinaitikia kwa noti mbili tu, kama waitikiaji wa taarabu. Nikarudisha mwanzo palepale.

Rumours ya bendi ya roki Fleetwood Mac (1977) ni nzuri, ila haijaniingia moyoni.

Iliyonishika ni What's Going On ya mwimbaji wa soul Marvin Gaye (1971). Inaanza na watu wanasalimiana kama wamekutana barazani, kisha sauti zake mwenyewe mbili zinapishana, na wimbo unaingia ndani ya wimbo. Nilipojua kwamba mdogo wake alikuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam, nikaisikiliza upya, machozi yakanilenga. Msiirukeruke, nawaomba. Aliyenitajia hiyo, Mungu akubariki sana. Leo naianza Exodus ya Bob Marley.