Naomba ushauri: Kijana wangu amezama katika muziki wa hevi metali

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 17, hasikilizi tena muziki mwingine ila hevi metali, nami niliyelelewa kwa taarabu na rumba nimeshindwa kuelewa kinachomvuta katika magitaa yanayounguruma na waimbaji wanaopiga mayowe.

Kabla ya kumhukumu nimesoma kidogo. Kundi la Black Sabbath, mojawapo ya waanzilishi wa muziki huu, lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, lilitoka Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, umri uleule wa mwanangu, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, jambo lililochangia ule mlio mzito. Habari hiyo ilinigusa sana. Aidha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa wasikilizaji 39 waliokuwa wamekasirishwa kwanza, wakaona kwamba muziki huo haukuwaongezea hasira.

Hata hivyo, kijana huyu amekuwa mkimya tangu babu yake afariki, na sijui kama muziki huo unambebea huzuni au unamfungia ndani yake. Ninyi mnaoupenda, au mliolea vijana wanaoupenda, unawapa faraja gani? Je, nimwombe tusikilize pamoja, au ataona namwingilia?