Mrejesho: kipima mavuno kimehamia kombaini nyingine
Ndugu zangu, niliuliza iwapo kipima mavuno, yaani kifaa kinachoonyesha kiasi cha nafaka kinachovunwa, cha kombaini (mashine ya kuvunia) yetu ya zamani kingeweza kufungwa kwenye hii tunayovunia mpunga sasa hapa Bagamoyo. Kimefungwa, na kinafanya kazi. Skrini na antena ya GPS havikusumbua. Kazi ilikuwa kwenye kihisi cha mtiririko, ambacho husoma nguvu ya punje zinapogonga bamba lililo juu ya mnyororo wa kupandishia nafaka, hivyo umbali wa bamba na vibao vya mnyororo ukibadilika, usawazishaji wa zamani (ulinganishaji wa usomaji wake na uzito halisi) haufai tena. Tuliufuta, tukaingiza upana mpya wa kichwa cha kukatia, kisha tukavuna kwa mwendo tofauti na kupima kila shehena kwenye mizani ili kukisawazisha upya. Kipima unyevu bado kinasoma juu kidogo asubuhi, ingawa saa za umande sioni sababu ya kuvuna.