BPD na nyuso: nipime nini kwa kifaa cha kufuatilia macho?

Mwanasaiko: Habari zenu wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu watu wenye BPD (ugonjwa wa haiba unaofanya hisia na mahusiano yayumbe sana) wanavyoangalia nyuso. Nilitaka kupima jumla ya muda wanaotazama macho ya uso wenye hasira. Inatosha?

Retina: Jumla ya muda itakuficha jambo lenyewe, mkuu. Pima mruko wa kwanza wa jicho, yaani jicho linapohama ghafla kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Bertsch na wenzake (2013) walilinganisha wanawake 40 wenye BPD, wasiotumia dawa, na 41 wasio na BPD. Wenye BPD waliwahi kurukia macho ya nyuso zenye hasira, tena mara nyingi zaidi, na amigdala (sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu na vitisho) ikasisimka kuliko ya wenzao. Kwa waliopuliziwa puani oksitosini (homoni inayohusishwa na ukaribu kati ya watu), yuniti 26, tofauti hiyo ilipotea.
Onyesha picha kwa milisekunde 150 tu. Jicho huchukua kama 200 kuanza kuruka, kwa hiyo likiondoka uso umeshatoweka. Hapo unaona ubongo ulichokipa kipaumbele kabla mtu hajaanza kuchunguza.

Mwanasaiko: Na alama ya +, ile mtu anayoikazia macho kabla picha haijatokea, niiweke katikati ya uso?

Kipimo9: Hapo ndipo wengi huharibu. Ukiiweka katikati ya uso, iko karibu na macho kuliko mdomo, na mruko wa kwenda machoni unakuwa mfupi mno kuhesabika. Acha + katikati ya skrini, sogeza picha: nusu ya majaribio macho yaangukie kwenye alama, nusu mdomo, kwa mpangilio usiotabirika. Kisha linganisha miruko ya kupanda na ya kushuka. Sawazisha mwanga wa picha zote. Kalibresheni (kukiweka kifaa sawa na macho ya mtu) iwe ya nukta 9. Kosa likizidi nusu digrii, rudia. Na waombe wasije na maskara, kifaa huichukulia kope nyeusi kama mboni.

Dada Kliniki: Ongeza kundi la tatu: wenye PTSD (msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha) au sonona bila BPD. Vinaambatana sana na BPD, na bila kundi hilo hutajua tofauti ni ya nini. Andika dawa zote, hasa benzodiazepini (dawa za kutuliza wasiwasi), maana hupunguza kasi ya miruko.
Weka pia nyuso zisizo na hisia, maana wenye BPD huelekea kuziona kama za uadui. Waulize wanaona hisia gani, ila jibu hilo lichambue peke yake. Mtu anaweza kuwahi machoni na bado akaitaja hasira sawasawa.

Mwanasaiko: Shukrani. Naibadili sehemu ya vipimo leo.